Domina na Uso wa Mwanamke wa Kifaransa

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, majirani wa Rockville nanyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Ferdinand Kalisti Tarimo, mdogo wa marehemu, na kwa niaba ya familia naomba mnisikilize.

Dada yetu Domina Kalisti Tarimo alizaliwa tarehe 14 Februari 1963, Mkuu Rombo, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa kwanza wa mzee Kalisti na mama Vaileth, wote sasa marehemu. Alisoma shule ya msingi hapo Mkuu, sekondari mjini Moshi, akahitimu ualimu wa sanaa Butimba, Mwanza, mwaka 1984, na kufundisha kuchora kwa miaka kumi na minne. Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na shemeji yangu Clement, wakajaliwa binti mmoja, Irene, na mwaka 1998, Clement alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko College Park, wakahamia Maryland, nami nikawafuata baadaye.

Domina alifua mashuka hotelini kwa miaka mitano, kisha Januari 2003 akaajiriwa katika karakana ya kukarabati picha za kale hapa Rockville, ambako alijifunza kurudishia rangi zilizoharibika, akaimudu kazi hiyo hadi picha ndogo kuliko zote zikawa zake.

Mei 2010 aliletewa picha ya mwanamke wa Kifaransa, iliyochorwa kwa rangi za maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, ukubwa wake kama kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, na nyuma yake jina la mchoraji, Honorine Vasselot, Paris, 1787. Nywele na gauni vilikuwa salama, lakini maji yalikuwa yamepenya chini ya kioo yakafuta uso wote, na mwenye picha akataka uchorwe upya. Kazi ilimchukua wiki saba, na kwa kuwa hakukuwa na nakala ya kumwongoza, alimpa yule mwanamke macho ya mama yetu, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Machi 2013 picha ile ikatangazwa kwenye mnada huko Fairfax, ikielezwa kwamba haijaguswa na mkono mwingine tangu Vasselot aimalize, na jarida moja la sanaa likayasifu macho yake. Domina alimwandikia mwenye picha barua mbili, akajibiwa na wakili kwa simu kwamba akifungua mdomo atashtakiwa kwa kughushi. Wakati huo usaili wake wa uraia ulikuwa umepangwa Aprili, nami nilikuwa nikisubiri aupate ili aniombee ukaazi. Nasema haya kwa sababu yeye hakuwahi kuyasema. Nilimfuata jikoni nikamwambia, "Dada, nyamaza, picha yenyewe si yetu." Clement naye akasema, "Mama Irene, kesi moja tu, tunarudishwa wote." Alimaliza kuosha vyombo ndipo akajibu, "Huyo Honorine anasifiwa kwa kazi ambayo si yake, na ile aliyoifanya hakuna anayeitazama."

Tarehe 23 Machi, siku ya wanunuzi kuitazama picha, nilimfuata nikitumaini kumzuia mlangoni, lakini alikuwa ameshaingia, akasimama mbele ya watu kama arobaini akasema uso ule aliuchora yeye. Wakili akaita walinzi. Aliyewazuia ni Zalika, mkaguzi wa picha wa mnada ule, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, ambaye hadi siku hiyo mwenye picha alikuwa amemkatalia kuitoa kwenye kioo. Alimsogelea Domina akamwuliza taratibu, "Dada, una hakika? Nikiwasha taa yangu, rangi ya kale itang'aa na mpya itabaki nyeusi, wote wataona."

"Washa," akasema Domina.

Zalika akaitoa picha kwenye kioo, chumba kikatiwa giza, taa ya zambarau ikamulika, kisha nywele na gauni vikang'aa, na uso ukabaki mweusi kama shimo.

Mnada ulifutwa. Hakushtakiwa, lakini karakana ilimwachisha kazi wiki ileile, usaili ukaahirishwa mara nne, akarudi kufua mashuka, na mimi nikahama nyumbani kwake nikakaa zaidi ya miaka miwili bila kumjulia hali. Aliapishwa kuwa raia tarehe 19 Mei 2016, na alipotoka tu ukumbini akanipigia simu: "Lete picha zako za pasipoti, mdogo wangu, tujaze fomu." Mwaka 2018 Zalika alifungua karakana yake, akamchukua, wakafanya kazi pamoja hadi Agosti 2023, Domina alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho.

Wiki moja kabla hajafariki nilimwomba msamaha kwa kumtaka anyamaze. Akasema, "Ulikuwa na hofu. Na mimi nilikuwa nayo, nilishika meza ili nisianguke." Alifariki tarehe 11 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiacha mume, binti na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula kwa miezi yote hiyo bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, hasa Zalika, aliyeketi hapo mbele.

Dada, wewe uliusema ukweli wa mchoraji mwenzako uliyemjua kwa jina tu, na leo nami nimejaribu kuusema wako. Lala kwa amani.