Mwalimu Buppha Chaiyawan na Nyota Mbili Zilizogusana

Mwalimu Buppha Chaiyawan, tunayemsindikiza mchana huu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 wilayani Pa Sang, mkoa wa Lamphun, mtoto wa pili wa Bwana Inkaew na Bibi Chanfong. Mama yake alikuwa mfumaji wa vitambaa vya pamba. Bibi Chanfong alipenda kusimulia jinsi mtoto huyu, akiwa na miaka sita, alivyofumua nusu mita ya kitambaa cha mteja ili aone ua linaanzia uzi upi. Alichapwa. Lakini jioni ile ile aliulizwa, "Haya, umeliona linapoanzia?" akajibu, "Nimeliona, mama. Linaanzia nyuma."

Alisoma shule ya hekaluni hapo kijijini, kisha sekondari mjini Lamphun, na mwaka 1970 akaingia chuo kikuu Chiang Mai kusomea fizikia. Mwaka wa tatu mhadhiri wake alimpa kazi ya kupima mwanga wa nyota moja hafifu. Buppha alirudi na karatasi akidhani amekosea. Mwanga ulipanda na kushuka kila baada ya saa nne, bila kutulia hata dakika moja. Mhadhiri akamwambia, "Hujakosea. Hizo ni nyota mbili, zinazungukana huku zimegusana." Tangu siku hiyo hakuiacha nyota ile kwa miaka hamsini.

Mwaka 1975 alianza kufundisha fizikia sekondari, na ndiyo kazi aliyostaafu nayo mwaka 2011. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka somo la wali wa kunata. Alichukua tonge kubwa na tonge dogo, akayabana mpaka yakashikana katikati, akayazungusha mbele ya dirisha. "Mkiyaona kwa ubavu, mwanga ni mwingi. Moja likijificha nyuma ya jingine, mwanga unapungua." Akaeleza kwamba nyota hizo huanza zikiwa mbalimbali, kila moja peke yake. Upepo zinaoupuliza hunaswa na sumaku ya nyota zenyewe na kuzipunguzia mwendo, miaka kwa mamilioni, zikasogeleana hadi zikavaa ganda moja la gesi. Lililomsumbua mpaka uzeeni ni joto. Katika jozi yake, nyota kubwa ilikuwa nzito mara tatu kuliko ndogo, na bado zote mbili zilikuwa na joto karibu sawa. "Kwa hiyo mkubwa anampasha mdogo," alisema. "Anampashaje, hilo msiniulize. Au niulizeni, ila msitegemee jibu." Kisha akala yale matonge.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Bwana Kamon Sitthikhan, mkulima wa matunda ya longani. Kwenye sherehe mjomba mmoja alisimama akawaombea wawe kama nyota za bibi harusi, zilizokumbatiana zisiachane. Buppha akamnong'oneza mumewe, "Mjomba hajui. Mkubwa humla mdogo polepole."

"Mkubwa ni nani kati yetu?" Kamon akauliza.

"Bado tunapima."

Kamon ndiye aliyemjengea kibanda cha darubini katikati ya shamba, paa lake likisukumwa kwa mkono. Mwaka 1982 walimpata binti yao, Orathai.

Mwaka 2009, baada ya kupanga vipimo vya miaka thelathini na sita, Mwalimu aliona kwamba kufifia kwa nyota kulikuwa kunawahi kabla ya saa iliyotarajiwa, na kila mwaka kunawahi zaidi. Alitangaza kwamba zile mbili zinaporomokeana, na ndani ya miaka sitini zitakuwa nyota moja, kwa mlipuko wa mwanga utakaoonekana kwa macho. Magazeti yaliandika. Shule ikachangisha fedha, ikajenga kuba la darubini lenye jina lake, na ukutani pakachorwa nyota mbili zikiyeyukiana.

Kuba lilipangwa kufunguliwa Novemba 2017. Wiki tatu kabla, mwanafunzi wake wa zamani, Phanuwat, ambaye sasa ni mtaalamu wa nyota, alimpigia simu.

"Mwalimu, kufifia kwa safari hii kumechelewa. Dakika moja na nusu."

"Saa yako mbovu."

"Nimetumia tatu."

Mwalimu alipima mwenyewe kwa siku kumi na moja. Kulichelewa kweli. Mezani, kwa penseli, akaipata sababu: kulikuwa na nyota ya tatu, hafifu mno, na ile jozi ilikuwa ikizungukana nayo. Jozi ilipotusogelea, mwanga wake uliwahi kufika. Sasa ilikuwa inaondoka, na mwanga unachelewa. Kuanguka kule kwa haraka hakukuwapo.

Mkuu wa shule alimsihi. "Mwalimu, ngoja sherehe ipite. Mkuu wa mkoa anakuja."

"Ndiyo vizuri. Atasikia yeye mwenyewe."

Orathai anasema asubuhi ya ufunguzi ilibidi yeye amfungie mama yake vifungo. Lakini alisimama mbele ya wageni akasema, "Niliwaambia miaka sitini. Nimekosea. Zitaungana siku moja, ila huenda ni miaka milioni kadhaa, na sijui." Baadhi ya waliochanga waliondoka kabla ya chakula. Mwezi mzima hakwenda sokoni, alimtuma Kamon. Kisha akamwomba mchoraji aongeze nukta ya tatu ukutani, akarudi kibandani.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, na kuanzia Agosti 2023 alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wiki ya mwisho Phanuwat alimletea majibu mapya: kwa kuihesabu nyota ya tatu, vipimo vyote vya miaka hamsini vilikaa kwenye mstari wa hesabu.

"Vyote?"

"Tofauti ni sekunde arobaini tu, Mwalimu."

Alifumba macho, wakadhani amelala. Halafu akasema, "Sekunde arobaini ni nyingi. Kuna kitu kingine pale," akaomba uji. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2024, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mume wake, Bwana Kamon. Binti yake, Orathai. Mjukuu mmoja, Naphat. Dada yake mkubwa, Bibi Saengda. Na wanafunzi wa miaka thelathini na sita. Madaftari yake kumi na tisa amekabidhiwa Phanuwat ayahifadhi shuleni, na yeyote anayetaka kuyasoma atayakuta wazi.

Roho yake na ipate utulivu.