Jani Lisilochemshwa: Maisha ya Dresa Vuai Ngwali Jecha

Marehemu Vuai Ngwali Jecha alizaliwa Shumba Viamboni mwezi wa Agosti 1911, mtoto wa pili wa Mzee Ngwali Jecha na Bi Mwanamize Pandu. Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, kisha akaingia skuli ya serikali Chake Chake. Mwaka 1931 alipelekwa Unguja kujifunza kuuguza. Alirudi mwaka 1933 akiwa dresa, mwenye shati jeupe na mkasi mfukoni.

Kwa miaka ishirini na tisa alifunga vidonda katika dispensari za kaskazini, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alifundishwa kwamba maji yasiyochemka hayagusi kidonda, na hilo alilishika kama sala. Mwaka 1936 alimuoa Bi Moza binti Bakar wa Shumba Mjini. Hawakujaaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikukosa maneno wala kicheko. Bi Moza alikuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe, lau si haya, angelichemsha hata dafu kabla ya kulinywa.

Mama yake Bi Moza ni Bi Kazija. Wenye madonda sugu walimwendea tangu dispensari haijajengwa, naye aliwatibu kwa jani linaloota kwenye mawe ya pwani. Mwaka 1957 daktari mmoja wa Unguja alipata habari za jani hilo, akamtaka Vuai alijaribu kwa wagonjwa kumi na kuandika ripoti. Likionekana lina nguvu, lingepelekwa ng'ambo likachunguzwe ndani yake mna nini. Vuai alikwenda kwa mkwewe, akaketi kando, macho chini kama ilivyo adabu, akaomba jani. Akapewa kikapu kizima.

Akalichemsha. Kwa miezi miwili aliosha madonda kumi kwa maji yale, na halikufunga hata moja. Aliandika alichokiona, kwamba jani halina nguvu. Hakudanganya, wala hakujua kwamba amekosea. Habari zilienea kijijini kabla ripoti haijavuka kwenda Unguja. Watu wakaacha kumwendea Bi Kazija, na wengine wakikutana naye njiani walimuuliza kama siku hizi anauza mchicha. Mwaka 1958 Bi Kazija alihamia shamba la marehemu mumewe upande wa Mtambile, na Bi Moza akamfuata, maana mama hakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na talaka wala ugomvi. Ilibaki tu nyumba yenye mtu mmoja.

Vuai alijipikia na kujifulia. Jirani zake walizoea kumsikia, arudipo kazini, akipiga hodi mlangoni pake mwenyewe. Alingoja kidogo, ndipo akafungua.

Mwaka 1960 alikuja dispensari mvuvi mmoja, Nyange, ana homa. Mguuni alikuwa na kovu kubwa lililopona vizuri. Vuai alimuuliza nani alimtibu, akajibu ni Bi Kazija. Alimuuliza tena lile jani lilitengenezwaje. Nyange akaeleza kwamba lilirowekwa katika maji baridi ya kisima tangu alfajiri hadi adhuhuri, na moto halikuuona. Siku ile ile Vuai alipanda gari hadi Mtambile.

"Mama, kumbe jani halichemshwi."

"Halichemshwi. Moto unaliua."

"Mbona hukunambia?"

"Weye uliomba jani, mwanangu, nami nikakupa jani. Namna ya kulitumia hukuniuliza. Nilidhani serikali imekufunza."

Alijaribu upya kwa wagonjwa wengine kumi, na madonda manane yakafunga. Akaandika ripoti ya pili. Daktari alikuwa amekwisha rudi kwao ng'ambo, na aliyejibu alisema shauri lile limefungwa. Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba 1961, baada ya sala, Vuai alisimama msikitini Shumba akasema mbele ya watu kwamba kosa lilikuwa lake, si la Bi Kazija. Sauti moja kutoka safu ya nyuma ikasema, "Dresa anamtaka mkewe huyo." Watu wakacheka, naye akaketi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba neno lile nalo lilikuwa kweli.

Mwezi uliofuata tumbo lake lilianza kujaa maji. Aliacha kazi Januari. Bi Moza alirudi akamuuguza siku kumi na moja za mwisho, na inasemekana walizungumza sana. Alifariki Jumatano tarehe 14 Machi 1962, baada ya sala ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini. Siku mbili kabla alimwita kaka yake Hamad, akataka habari hizi zisomwe kwenye hitma yake, kwa sauti ya kufika uani waliko wanawake.

"Safari hii," alisema, "hawatasema nataka mke."

Basi na isikike. Jani la Bi Kazija lina nguvu. Hurowekwa kwa maji baridi. Aliyekosea ni Vuai, na anamwomba mkwewe radhi mbele yenu nyote.

Ameacha mjane wake, Bi Moza, aliye ndani ya eda. Kaka yake, Hamad. Na mkwewe, Bi Kazija, aliyeketi uani anasikia.

Mwenyezi Mungu amghufirie Vuai Ngwali, ampanulie kaburi lake, wala asimwache humo peke yake.