Asilizwe Mbele ya Kamera

Sogeeni wanangu, na nyinyi wawili acheni kununiana, maana sauti niliyobakiwa nayo si ya kusuluhisha watu wazima. Niinulieni mto. Hapo hapo.

Nyumba msiiuze. Kaka yenu mkubwa akae vyumba vya mbele, kitindamimba abaki nyuma na jiko langu la mikate, kwa kuwa ndiye pekee asiyeunguza. Wewe binti yangu, mwambie mama mkwe wako nimemsamehe maneno yake ya harusini, lakini usimwambie haraka, ahangaike kidogo.

Sasa la mjukuu. Wale watu wa televisheni wanaurudisha mchezo nilioigiza nikiwa na miaka saba, na wanamtaka yeye kwa kuwa amechukua sura yangu. Mjomba wake anasema bahati haibishi hodi mara mbili. Mama yake hataki hata kusikia. Nisikilizeni kwanza, mtabishana nikishazikwa.

Watu wote waliniita Yatima, jina la mtoto niliyemwigiza, nami nilikuwa na baba na mama, tena mama akinisubiri nyuma ya taa na sweta langu mkononi. Sokoni walinikumbatia mimi, yeye wakamtazama kama mama wa kambo. Mlidhani nilijua kuigiza? Thubutu! Kila nilipotakiwa kulia, mwongozaji aliinama akaninong'oneza, "Mama yako amekufa, tumekuficha tu," nami nikalia kweli, kamera ikala machozi. Wakimaliza alinipa peremende, akasema, "Si yule pale? Mpungie mkono." Kesho yake aliniambia tena, na tena nikaamini, kwa sababu mtoto haamini kwa akili, wanangu, huamini kwa tumbo.

Nilipoota meno makubwa na miguu ikarefuka, walinitoa wakaleta mdogo zaidi. Baba aliona msiba. Mimi nililala mchana kutwa kwa raha.

Siku mama alipokufa kweli, nyinyi mmeshazaliwa, nilisimama kaburini macho makavu, nikingoja atokee nyuma ya watu. Shangazi zangu wakasema, "Aliwalilia wa televisheni, wake hamlilii." Niliwaacha. Kinywa ni jumba la maneno.

Basi nawausia, mtoto yule asilizwe na mtu kwa kazi. Akitaka kuigiza aigize shuleni, asahau maneno, acheke, arudi na uso wake...

Unasemaje, binti yangu? Sema kwa nguvu, masikio yangu yameshatangulia. Umewapigia? Umewakatalia tangu asubuhi? Kumbe ndicho anachonunia kaka yako! Nuna, baba, kununa hakuui.

Ah. Kumbe nilikuwa najichosha bure. Nipeni maji... yatosha.

Mlalo huu nimeupata kwa shida, msiuharibu kwa vilio. Siku yangu, mwenye machozi alie, asiye nayo asisukumwe. Pendaneni hata mkikasirikiana. Mungu awape afya, na watoto wenye... wenye kelele.

Mtoto msimwite aniage. Mwacheni acheze huko nje. Nikishafumba macho, mama yake amshike mkono, amwambie mara moja, bila kunong'ona: bibi amekufa. Akiuliza kama ni kweli... mwambieni... ni kweli.