Panya Hajapatikana: Otacílio Lacerda Anaaga Kaunta

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi na vikombe vya kahawa visivyo na idadi, ndugu yetu Otacílio Lacerda anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024. Aliyeingia duka letu la Casa Pimenta tangu mwaka 2005 kuulizia kompyuta alihudumiwa na yeye, na kama hakuwa na haraka, alihudumiwa mpaka akaota mizizi. Mimi nimekaa naye kaunta moja muda wote huo, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Aliniomba niandike mazuri yake tu. Nikamwambia ukurasa hautajaa.

Alikuja kwetu akiwa na miaka arobaini na sita, fundi wa redio na televisheni ambaye kibanda chake kilikufa watu walipoanza kutupa vitu badala ya kuvitengeneza. Mwaka ule kompyuta za nyumbani za bei nafuu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini. Unafuu wake ulikuwa na siri moja: ndani zilikuwa na Linux, ule mfumo wa bure wenye nembo ya pengwini, badala ya ule wa kulipia uliozoeleka maofisini. Bwana Hermógenes Pimenta, mwenye duka, alitafuta mtu wa kuwaeleza wateja mfumo huo. Otacílio akasema yeye anaujua vizuri. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa ameujua kwa muda wa wiki moja.

Kuueleza, aliueleza. Mama wa watu amekuja kununua kompyuta ili amwandikie mwanawe aliyeko Boston, naye anapewa hotuba ndefu kuhusu uhuru wa binadamu na programu zisizo na bwana. Wengine walinunua ili anyamaze. Kwenye gwaride la uhuru la Septemba alijitolea kuvaa vazi la pengwini, manyoya juu hadi chini, kwa joto la mji wetu huu wa Valadares, Brazili. Alizirai mbele ya kanisa kuu, na picha yake akipepewa na masista watatu bado iko ukutani kwetu, karibu na mashine ya kahawa. Ameiomba mara nyingi. Hapewi.

Shida yake kubwa ilikuwa wateja waliotoka hapa na kupitiliza kwa fundi wa kona, wakafutiwe pengwini na kuwekewa nakala ya magendo ya ule mfumo mwingine. Otacílio alikuwa akiwaona kupitia kioo cha duka, na roho ilimuuma kama mpishi anayeona chakula chake kinamwagwa. Hata hivyo, lililokaribia kumtoa kazini halikutoka kwa fundi wa kona. Lilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Shehena ya Aprili 2006 ilifika mashine zikiwa hazina mfumo wowote ndani, na yeye ndiye aliyeandaa nakala ya kwanza ya mfumo, iliyowekwa kwenye mashine zote. Orodha ya lugha ilimpa "Kireno", na chini yake "Kireno cha Brazili". Bwana wa kueleza kila kitu hakusoma mstari wa pili. "Kireno ni Kireno," alisema, akabonyeza.

Si kweli, kama mjuavyo. Kile kidude cha mkononi cha kuongozea mshale sisi tunakiita mausi. Wareno wa ng'ambo wanakiita panya, tena panya kamili, wa ghalani. Basi waya ukilegea kidogo tu, skrini iliandika: "Panya hajapatikana." Simu zikaanza kulia. Mwenye bucha alituambia kwa sauti ya chini kwamba bwana afya akisikia mashine inatafuta panya buchani kwake, amekwisha. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Ilha alitaka kujua ni nani aliyewahi kumwona na panya nyumbani, amtaje.

Halafu kulikuwa na suala la majina. Siku ya kwanza mashine iliuliza neno ambalo kwa Wareno ni jina la ukoo, na kwetu ni jina la utani. Watu wa hapa ni wakweli, wakajaza walichoulizwa. Karani mkuu wa usajili wa ardhi, mtu wa tai na miwani, akawa kila asubuhi anasalimiwa na kompyuta yake: "Karibu, Bwana Chura." Aliyetupigia simu ni mkewe, na alishindwa kumaliza malalamiko kwa kucheka. Kuanzia hapo Otacílio naye akapata jina lake la utani. Tukamwita Panya, na Panya ndiye hadi leo.

Bwana Pimenta hakucheka. Alimwita mbele yetu sote, akamwambia: "Ikirudi hata moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, shehena ijayo naagiza zenye ule mfumo mwingine. Na wewe sitakuwa na kazi ya kukupa." Otacílio alikuwa na watoto watatu shuleni, na kibanda cha redio kilishakuwa duka la viatu. Siku hiyo hakutoa hotuba yoyote.

Akawasha pikipiki yake, diski za kurekebishia zikiwa ndani ya kopo la biskuti, akaanza kuzunguka mji nyumba kwa nyumba. Kurekebisha mashine moja kulichukua nusu saa. Kahawa ilichukua saa mbili, kwa sababu katika mkoa wetu mgeni haondoki kabla kikombe hakijawa kitupu, na kikombe hakiachwi kuwa kitupu. Ndani ya hizo saa mbili watu walijikuta wakiuliza maswali. Picha zinawekwaje? Barua inaendaje? Hapo mezani, mdomo umejaa mkate wa jibini, Otacílio hakuweza kuhutubia, ikambidi aonyeshe. Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu ambao duka letu linajivunia: kila kompyuta inayouzwa hapa inafuatwa nyumbani na mtu na kahawa yake. Fundi wa kona akaanza kulalamika kwamba biashara imepoa.

Ikafika mkesha wa Mtakatifu Yohana, tarehe 23 Juni. Duka tumelipamba vibendera vya karatasi, sufuria ya uji wa mahindi iko juu ya kaunta, na hakuna mashine hata moja iliyorudi. Bwana Pimenta mwenyewe alikuwa ameanza kulainika. Hapo ndipo alipoingia Dona Eufrásia wa mtaa wa Santa Rita, mshona nguo mstaafu, akisukuma kigari cha sokoni. Ndani ya kigari mlikuwa na kompyuta, skrini, waya, vyote.

Nilimwangalia Otacílio. Uso ulikuwa umemkauka. Bwana Pimenta akakunja mikono.

"Mwanangu," Dona Eufrásia akamwambia Otacílio, "nilikukaribisha kahawa, nikakupa na keki. Kumbe mimi niko jikoni, wewe huku nyuma unaniibia panya wangu."

Otacílio akaanza kueleza kwamba ameirekebisha, kwamba sasa inaongea Kireno cha nyumbani. Akakatizwa.

"Nani alikuomba? Mjukuu wangu Carlota yuko Setúbal, Ureno, ana miaka sita. Aliponiambia kwenye simu nimsogeze panya, mimi nikakimbilia ufagio. Akasema bibi haongei vizuri. Tangu siku ile akawa ananisalimu tu, halafu simu anampa mama yake. Mashine hii ndiyo iliyokuwa inanifundisha anavyosema huyo mtoto, neno moja moja, mpaka juzi tumeongea hadi mama yake akatukatiza. Sasa umeigeuza inaongea kama mimi. Ya nini? Wa kuongea kama mimi ninaye, ni mimi mwenyewe."

Bwana Pimenta alitazama kigari, akatazama vibendera, akasafisha koo. "Otacílio," akasema, "mrudishie mama panya wake."

Akarudishiwa palepale, juu ya kaunta, pembeni ya sufuria. Wakati akisubiri, Dona Eufrásia alikula mabakuli mawili ya uji na kuwaambia wateja wawili kwamba mashine hii ina adabu kuliko wajukuu wengi. Wote wawili walinunua. Shehena iliyofuata ilikuja na pengwini, na zilizofuata vilevile.

Tangu siku hiyo Otacílio alikuwa mtu wa nyumba ile. Kila baada ya miezi michache alipita kuisafisha mashine. Ilipozeeka alimtafutia nyingine, na nyingine tena, zote za bei ya mtu wa pensheni. Mashine zilibadilika, lugha hakuigusa.

Dona Eufrásia alifariki mwaka jana, mwezi wa Agosti. Carlota alikuja kutoka Setúbal, mwanamke mzima sasa, alikuwa hajawahi kukanyaga Brazili. Baada ya mazishi, nasi wa duka tukiwepo, aliketi sebuleni mbele ya kompyuta ya bibi yake na kuigusa, skrini ikawaka. Alisoma kidogo, akatugeukia. Alisema miaka yote aliamini bibi yake aliwahi kuishi Ureno, kwa jinsi alivyokuwa akiongea. Akauliza nani alimfundisha.

Sote tukamtazama Otacílio, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa swali akajibu kwa chini ya robo saa alisema maneno mawili tu: "Nilikosea mstari." Kisha akaenda jikoni kuosha vikombe, na aliviosha kwa muda mrefu sana. Hatukumtania siku ile nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Ndugu yetu Otacílio, tunakushukuru kwa kila nyumba uliyoingia, kwa kila mzee uliyemshika mkono akabonyeza herufi yake ya kwanza, na hata kwa zile hotuba, ambazo tutazikumbuka vizuri zaidi sasa kwa kuwa zimekwisha. Zawadi yako ni kompyuta, si ya bei kubwa, ungeikataa. Tumeiwekea mfumo sisi wenyewe, na kwenye orodha ya lugha tumechagua mstari wa kwanza. Picha ya pengwini inabaki ukutani. Upumzike vyema, afya iwe nawe, na kahawa isikuishie.

Sisi tutaendelea hapa kaunta. Ila tunajua kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi, waya uwe umelegea au umekaza, skrini za Casa Pimenta zitakuwa zinasema kweli: panya hajapatikana.