Mwalimu Eliaichi na Masomo ya Vyungu Yasiyofutwa

Baba mchungaji, wazee wetu mliotoka nyumbani Upareni, majirani wa Wazo, na wanafunzi wa marehemu mlioko hapa na mnaotufuatilia kwenye simu, familia imeomba dakika chache isome maisha ya Mwalimu Eliaichi Elibariki, na imeomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo wapo waliotaka yarukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Kwandima, wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne wa mwinjilisti Petro na mkewe Naomi. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akasomea ualimu, na mwaka 1976 akaanza kazi ya kufundisha hesabu, kazi aliyoifanya kwanza Mwanga na baadaye hapa Tegeta tangu mwaka 1986, hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2017, siku aliyotimiza miaka sitini, ambapo alifundisha vipindi vyote vya siku hiyo kabla ya kukubali kukata keki.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na marehemu Elibariki Elieza, na kwa ndoa hiyo akaingia katika ukoo ambao wanawake wake walijulikana milima ile yote kwa vyungu vyao, kazi ambayo kwa desturi ya ukoo mama mkwe humfundisha mke wa mwanawe, na haifundishwi mtu mwingine yeyote. Mama mkwe wake, bibi Nanzia, alimfundisha kila likizo ya shule, akimpeleka bondeni kuchimba udongo na kumrudisha akiwa na tope hadi magotini, na hakuwa mpole. "Mwanangu, mikono yako ina haraka ya chaki," alimwambia, "udongo hauna kengele." Marehemu alivunja vyungu arobaini na kimoja kabla ya kupata kimoja kilichohimili moto, naye aliihifadhi ile hesabu na kuitaja kwa fahari mpaka uzeeni.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Godlisten aliyezaliwa mwaka 1981 na Brightson aliyezaliwa mwaka 1985, na wajukuu watano. Mumewe alifariki mwaka 2009 na kuzikwa Kwandima, na bibi Nanzia akamfuata mwaka 2014. Marehemu aliwaita wake wa wanawe wote wawili, mmoja muuguzi na mwingine mhasibu, akawaomba wapokee kazi ya ukoo, nao wakamjibu kwa heshima zote kwamba hawataki tope kwenye kucha, naye hakuwalaumu, ila aliporudi kijijini kwa likizo ya mwisho kabla ya kustaafu akakuta vyungu vimegeuzwa vya kuotesha maua, na wanawake waliojua kufinyanga wamebaki wawili, mmoja wao haoni tena.

Mwaka 2018 alinunua simu janja, akaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi kwenye mguu wa stuli iliyopinduliwa juu ya meza, akaanza kujirekodi uani kwake hapa Wazo, vumbi la kiwanda cha saruji likimtulia mabegani. Somo la kwanza linaonyesha kidevu chake na nusu ya ukuta, na lilitazamwa na watu kumi na mmoja, saba wakiwa ndugu zake, lakini hakukata tamaa, alijifunza kuweka mwanga, kupunguza mwendo wa picha ili kidole kionekane kinavyopinda, na kupiga picha kila aina ya ufa na kueleza umetokana na nini. Alifungua kundi la WhatsApp, na humo akaingia Munira, mama lishe wa Tandika, aliyeandika, "Shikamoo mama, changu kimepasuka kitako, nimekosea wapi?" Marehemu akamjibu, "Marahaba mwanangu, acha chungu, nitumie picha ya viganja vyako." Ndivyo alivyofundisha watu ambao hakuwahi kuwagusa mikono, zaidi ya mia tatu, wa Temeke, wa Kigoma, wa Pemba, wanawake na wanaume.

Tarehe 9 Oktoba 2021 shemeji yake mkubwa, mzee Elinaza, alishuka kwenye stendi ya mabasi ya Mbezi Luis akiwa na wazee wengine wawili, akaja mpaka sebuleni kwa marehemu, akapakuliwa chakula, na baada ya kula akasema, "Shemeji, kitu cha ukoo umekimwaga barabarani, kila apitaye anaokota. Futa." Marehemu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumpandishia sauti mzee huyo, na siku hiyo pia hakumpandishia, alimjibu, "Shemeji, nitajie mwanamke mmoja wa ukoo, chini ya miaka sabini, anayejua kuchoma chungu kikatoka kizima. Nitajie jina moja tu, nitafuta masomo yote mbele yako." Mzee akasema, "Basi usitegemee kulala pale kwa mumeo." Marehemu akasema, "Nimesikia, shemeji," akawafungia wageni wake ndizi za safari, na asubuhi iliyofuata akarekodi somo la uchomaji, ambalo mpaka siku ile alikuwa bado hajathubutu kulionyesha.

Jumamosi tarehe 3 Februari 2024 alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wa kulia na nusu ya kinywa. Alilia wiki mbili, na familia haitaficha hilo, kisha akamwita Munira, naye Munira akawa anatoka Tandika kila Jumamosi, anakaa mbele ya simu na udongo, na marehemu akiwa kwenye kiti nyuma yake anaelekeza, "Siyo hivyo. Kidole gumba ndani. Rudia." Wapo waliomcheka mtandaoni kwa namna alivyotamka maneno, na Brightson alipotaka kuondoa sauti yake na kuweka maandishi, alikatazwa: "Acha mdomo wangu kama ulivyo. Wasionielewa watazame mikono ya Munira." Kwa namna hiyo yalirekodiwa masomo thelathini na nane. Kiharusi cha pili kilimpata alfajiri ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akafariki saa nne asubuhi hospitalini, wanawe wote wawili wakiwa naye.

Jumatano familia ilipiga simu nyumbani Kwandima kuomba kaburi, ikajibiwa kwamba kaburi litachimbwa kando ya mzee Elibariki, endapo watoto watafuta masomo yote na kutangaza hivyo leo hapa. Wazee wetu, shikamooni. Tunawaheshimu, na tumewaandalia mahali pa mbele. Lakini jibu ni hapana. Mama aliulizwa jambo hili akiwa hai, akasema mbele ya mchungaji huyu, "Kama bei ya kulala kwa mume wangu ni kufuta, nizikeni Wazo," na hakuna mtu katika familia hii atakayempokonya neno hilo kwa sababu tu sasa hawezi kulirudia. Inatuuma kwamba baba atalala kule peke yake. Inatuuma sana. Tutamzika mama hapa, saa tisa alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi kumi na sita, mchungaji na wanajumuiya, walimu wenzake wa Tegeta, majirani waliovumilia moshi wa vyungu kila mwisho wa mwezi, na Munira, ambaye kuanzia leo atakaa na ndugu kwenye mkeka wa wafiwa. Somo la thelathini na tisa la mikono ya Munira, la kufinyanga mdomo wa mtungi, ambalo atalifundisha peke yake, litawekwa Jumatatu saa kumi jioni, na kila atakayependa kujifunza, awe wa ukoo au asiwe, anakaribishwa.

Mwalimu Eliaichi, lala kwa amani ya Bwana, umefanya kazi yako, na hatutaifuta.