Mtunza Tovuti na Nakala ya Pacha Wake

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, familia imenikabidhi mimi kazi ya kusoma historia ya shemeji yangu, na haikukosea, kwa sababu haya yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na mwenye shaka anisubiri nje tukimaliza.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Daraja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, na mimi nilikuwepo, nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, mlango wa pili, na nakumbuka alilia kidogo tu, kama mtu anayeogopa kuwasumbua majirani, tabia ambayo hakuiacha mpaka juzi. Alianza shule ya msingi mwaka 1977 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1987, wakati mimi niliishia njiani kwa kuwa walimu waliishiwa ya kunifundisha, na mwezi Februari 1990 aliajiriwa na chuo kikuu kama mpiga chapa.

Tarehe 7 Septemba 1996 alimwoa dada yangu, huyu mjane wetu, kwa ushawishi wangu, ingawa dada mwenyewe husema hakunisikiliza hata kidogo, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1998 na mwaka 2001.

Mwaka 2003 chuo kilipata tovuti, wasomi wote wakaikwepa, ikaangukia kwa mpiga chapa, pamoja na ufunguo wa chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, chenye feni mbili na mitambo inayounguruma kutwa. Mwaka 2009 chuo chetu kiliungana na chuo kingine cha ng'ambo ya mpaka, wakuu wakapigwa picha wakishikana mikono, picha ikabandikwa kwenye tovuti zote mbili, na ushirikiano ungeishia kwenye picha hiyo, kama si Daraja na mtunza tovuti wa kule, ambaye waliitana Pacha bila kuwahi kuonana. Hao wawili ndio waliounganisha tovuti hizo, mwanafunzi wa hapa akawa anasoma tasnifu za kule akiwa ameketi kwenye kiti cha maktaba yetu, mwalimu wa kule asiye na kifaa cha kupimia maji akaona kwamba sisi tunacho, akaweka miadi, akaja, na mmoja alikuja mara nyingi hadi akaoa hapa hapa, maji yakasahaulika.

Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali, kwa hiyo wakapatana kwamba kila mmoja atunze nakala ya mwenzake, si ya kwake, ili chuo kimoja kikipata maafa, kazi zake ziwe salama kwa jirani.

Mwezi Mei 2021 wakuu waligombana juu ya nembo ya chuo gani ikae kushoto pale juu ya ukurasa, kamati yetu ikaamuru kila kitu cha wale kifutwe kabla ya Ijumaa, na mawasiliano nao yakome. Mkubwa wake alisimama mlangoni, mimi nikiwa nimempelekea chakula, akamwambia, "Daraja, futa, usiniletee maswali." Marehemu alikuwa mtu wa kutii, akafuta ukurasa, kisha akafuta na nakala, akijipa moyo kwamba wakuu watapatana karibuni.

Jumatano iliyofuata bomba lilipasuka juu ya chumba cha mitambo cha Pacha, maji yakaingia kila mahali. Simu ikaja nyumbani kwa shemeji tukiwa mezani, akaiweka kwenye spika, sote tukasikia.

"Pacha, nirudishie tasnifu zetu."

Marehemu akasukuma sahani kando, akasema, "Sina, kaka. Niliambiwa nifute."

"Hukuweza hata kunidokezea?"

Hapo simu ikakatika. Wanafunzi wa kule walianza upya, mmoja wao alikuwa amepima visima vya wilaya nzima kwa miaka minne, na aliporudi kuvipima vingine vilikuwa vimekauka, naye Pacha akahamishiwa stoo. Mwezi uliofuata ilifika bahasha kutoka kule, ndani mna diski yenye nakala yetu sisi, kamili, imetunzwa, bila hata neno moja la salamu, na tangu siku ile shemeji yangu alikuwa anakula kwa sababu ameambiwa ale.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na kila nilipomtembelea aliuliza kama simu yake imelia. Siku mbili kabla ya mwisho ililia, yeye akiwa usingizini, nikaipokea, alikuwa Pacha, akasema, "Mwambie alitii amri, mimi simdai kitu." Alipoamka nikamfikishia, akanishika mkono, akaomba maji, na tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, wafanyakazi wenzake wa chini ya ngazi, na hata kamati, ambayo imeleta shada lenye nembo kubwa.

Nimesema niliyaona yote, na niliyaona, ila ile simu ya hospitali haikulia, niliitunga mimi, kwa sababu sikuweza kumjibu tena kwamba bado. Pacha mwenyewe amekuja, ndiye yule wa safu ya nyuma aliyeshika kofia, na tangu nilipofika kwenye simu hiyo ananitazama, wala hajasimama kunikanusha. Pumzika kwa amani, shemeji, ingawa amani yenyewe nilikukopea kwa mtu bila kumwomba ruhusa.