Aliniita Mwalimu Ndani ya Nyumba Yangu

Mtaniwia radhi, wenzangu wa kikundi cha kuacha pombe, nikishikilia kiti hiki. Si kwamba nimekunywa! Cheka tu, mama mwenyekiti, wewe ndiye uliyenibeba kwa mkokoteni. Ni mazoea tu. Kila nikisema mambo haya hutafuta kitu cha kushika.

Nilikuwa mwalimu wa kemia upande wa Mikinduri. Mke wangu alishafariki, nimebaki na binti mmoja, naye alisoma kidato cha tatu shuleni mwetu. Tulikubaliana hivi: shuleni aniite Mwalimu, tukivuka geti la nyumbani aniite Baba. Nami nilikuwa mlevi, ndugu zangu, mlevi wa kulala mtaroni na suti. Muhula mmoja wa mwaka tisini na tano nikamwapia binti yangu sigusi pombe tena. Nikamaliza wiki saba.

Halafu shule ikapanga ziara ya kiwanda kikubwa cha bia, Nairobi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Nani atawaelezea hamira kama si wewe?" Ningeweza kukataa. Lakini nawaambia ukweli, nilifurahi.

Kule ndani kuna matangi ya chuma marefu kuliko kanisa hili, na harufu ya shayiri inayochemka. Mwenyeji wetu anaeleza, nami naongeza. Sijawahi kufundisha vizuri hivyo! Binti yangu yuko mbele, anaandika, anatabasamu. Nami mate yananijaa mdomoni.

Mwisho wa ziara tukaingizwa chumba cha wageni. Wanafunzi wakapewa soda, walimu bia baridi, ya bure. Binti yangu akaniangalia. Nikamwambia, "Moja tu, tusiwavunjie wenyeji heshima."

Walinikuta nyuma ya makreti, nimejikojolea, na basi linangoja. Mwenyeji akawauliza wanafunzi, "Huyu mzee ana mtu wake hapa?" Wenzake wakamgeukia binti yangu. Kisha nikasikia sauti ya mtoto wangu: "Ni mwalimu wetu tu."

Jamani! Hata hivyo ni yeye aliyeniinua. Basi liliposimama Embu watu wanywe chai, akaniletea maji. "Kunywa, Mwalimu." Tukavuka geti la nyumbani. "Lala salama, Mwalimu." Mwezi ukapita. "Chakula kiko mezani, Mwalimu." Kazi nikafutwa, na bado naitwa Mwalimu ndani ya nyumba yangu. Nikanywa kuliko mwanzo. Nilitaka kufa, sitawaficha. Kila asubuhi nilikasirika kwamba nimeamka.

Ndipo mama mwenyekiti akanikuta nimeanguka hapo sokoni Kianjai, akakodi mkokoteni, akanileta hapa mchana kweupe, watu wakitazama. Mkanikalia zamu, wawili wawili, nikitapika na kuwatukana. Wewe mzee hapo nyuma nilikuuma mkono, na kesho yake ulirudi na chai ya maziwa. Asanteni. Sina neno lingine, asanteni.

Na wewe uliyeanza juzi, sikia. Usiende hata kuiangalia ikipikwa. Usijiambie unaenda kufundisha, wala kuheshimu wenyeji. Kaa mbali!

Sasa ni mwaka wa tatu sijaonja. Binti yangu alinipikia, alinifulia, akaniita Mwalimu, nami niliitika. Sikumdai aniite Baba.

Jumamosi iliyopita napalilia maharagwe, akachungulia kutoka jikoni. "Baba, chumvi imeisha."

Nikaangusha jembe, nikaenda dukani nikilia njia nzima. Nikarudi bila chumvi.